Kwa Nini Mswidi Hakukimbia? Kuyafungua Mafundo ya The Killers

Tuliokulia kwenye vibanda umiza tulifundishwa kanuni moja: stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, ataporomoka gengeni, atafungwa kamba na kutoswa mtoni, lakini mwisho wa mkanda lazima tumwone amesimama. Ndiyo maana The Killers, filamu ya Marekani ya mwaka 1946, inamvuruga mtu tangu mwanzo. Stelingi wake, Burt Lancaster, anayecheza mtu aitwaye Mswidi, anauawa hata robo saa haijatimia.

Na namna anavyouawa ndiyo inayovuruga zaidi. Amejilaza kwenye chumba cha kupanga, taa zimezimwa, uso wake umemezwa na giza. Kijana anayefanya naye kazi ameruka nyua za watu usiku ule pumzi imemkatika, kuja kumwambia kwamba kuna watu wawili wanamtafuta wamuue. Anajibu kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini: ahsante kwa kuja, lakini hakuna la kufanya. Kijana anaondoka. Yeye haendi dirishani, hatafuti silaha, hata mlango hausogelei. Anajiinua kidogo tu, anasikiliza nyayo zikipanda ngazi. Mlango unafunguka, bastola zinamulika chumba kwa moto wake, na kinachobaki mbele yetu ni mkono ulioshika nguzo ya kitanda. Mkono huo unateleza kushuka polepole, kisha unaachia.

Mara ya kwanza nilipoitazama nilirudisha nyuma nikidhani nimeruka kipande. Sikuwa nimeruka kitu. Filamu nzima, yenye saa moja na dakika arobaini na ushei, imejengwa juu ya swali hilo moja: kwa nini hakukimbia? Swali lenyewe ni la zamani kuliko filamu, na limejibiwa zaidi ya mara moja, na watu tofauti, katika nchi tofauti. Ukishajua nani anauliza, mafundo mengi yanafunguka yenyewe.

Mayai, glavu na saa inayokwenda mbele

Chanzo ni hadithi fupi ya mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway iliyochapwa na jarida la Scribner's Magazine mwezi Machi 1927. Ni kurasa chache, na karibu zote ni mazungumzo. Watu wawili, Al na Max, wanaingia kwenye mgahawa wa Henry katika mji mdogo wa Summit, Illinois. Wanataka chakula cha jioni. George, aliye kaunta, anawaambia chakula hicho huanza saa kumi na mbili. Wanatazama saa ya ukutani: inasema saa kumi na moja na dakika ishirini. George anasema inakwenda mbele dakika ishirini. Basi wanaagiza mayai, mmoja kwa hemu, mwenzake kwa bekoni, na wanakula bila kuvua glavu.

Ni hapo kwenye glavu ndipo msomaji anapoanza kuona vibaya. Muda si mrefu wanamfunga kamba mpishi na kijana Nick Adams jikoni, wakimwambia George kinagaubaga kwamba wamekuja kumuua Ole Andreson, Mswidi, bondia wa zamani wa uzito wa juu, ambaye huja kula hapo saa kumi na mbili. Wao hawamjui wala hajawakosea. Wanamuua kwa niaba ya rafiki.

Ole haji. Wauaji wanaondoka. Nick anakimbia hadi nyumba anayopanga Ole, anamkuta kajilaza na nguo zake zote, kageukia ukutani. Anasema amechoka kukimbiakimbia. Nick anarudi mgahawani kuuliza maana yake nini, na George anabahatisha tu: huenda alimzunguka mtu kule Chicago. Hadithi inaishia hapo, kijana akisema atauhama mji.

Hemingway hakusahau sababu, aliificha. Yeye mwenyewe alifananisha uandishi na siwa barafu, ambalo sehemu moja tu kati ya nane huonekana juu ya maji. Hadithi hii ni mfano wake safi kabisa, maana nilivyoisoma mimi haimhusu Ole hata kidogo. Inamhusu Nick, kijana anayegundua kwa mara ya kwanza kwamba mtu anaweza kujua kifo kinakuja akageukia ukuta.

Lakini huwezi kuuza tiketi za sinema kwa ukuta.

Kazi ya wakala wa bima

Aliyeinunua hadithi ni Mark Hellinger, mwandishi wa safu za magazeti wa New York aliyegeuka mtayarishaji wa filamu, akaipeleka studio ya Universal. Muswada umeandikwa jina la Anthony Veiller, ingawa kazi kubwa ilifanywa pia na John Huston ambaye jina lake halikuwekwa, na Richard Brooks naye alitia mkono. Walichofanya ni ujanja wa aina yake. Waliichukua hadithi ya Hemingway nzimanzima, mpaka maneno ya mgahawani, wakaifanya dakika za kwanza za filamu. Kila kinachofuata baada ya mkono kuachia kitanda wamekitunga wao.

Walihamisha mji kutoka Illinois kwenda Brentwood, New Jersey. Ole sasa anajiita Pete Lund na anauza mafuta sheli pamoja na Nick. Wakamwongeza mtu ambaye Hemingway hakumfikiria: Jim Reardon, mpelelezi wa kampuni ya bima, anayechezwa na Edmond O'Brien.

Reardon hakuja kutafuta haki. Amekuja kwa sababu marehemu alikuwa na bima ndogo ya maisha ya dola 2,500, na kampuni inataka kujua imlipe nani. Mnufaika aliyeandikwa ni mwanamke mtu mzima anayefanya usafi katika hoteli moja ya Atlantic City, ambaye hata hajui marehemu ni nani mpaka aonyeshwe picha. Katika vitu vya marehemu kuna leso ya kijani yenye michoro ya vinubi vya dhahabu. Reardon anahisi amewahi kuisikia leso hiyo mahali. Bosi wake anamwambia aachane nayo, faida yake haionekani. Yeye anang'ang'ania.

Kuanzia hapo filamu inarudi nyuma mara kumi na moja. Wanafunzi wa fasihi huita mbinu rejeshi. Kila kipande kinatoka kinywani mwa mtu mwingine: Nick, mfanya usafi wa hoteli, polisi rafiki wa Ole, mke wa polisi huyo, mwizi mzee aliyefungwa naye, taarifa ya gazeti, jambazi anayekata roho hospitalini akiweweseka, na mwisho mwanamke aliyeanzisha yote. Vipande haviji kwa mpangilio wa miaka. Unamwona Ole akitaka kujirusha dirishani mwaka 1940 kabla hujamwona akipigana pambano lake la mwisho mwaka 1935. Filamu ya Citizen Kane ilikuwa imeshatumia mpango wa namna hii mwaka 1941, mwandishi wa habari akizunguka kuuliza watu habari za marehemu, ila kule alikuwa tajiri na hapa ni muuza mafuta. Nawahurumia madijei wetu wanaosimulia filamu kwa Kiswahili. Hii ingewatoa jasho, maana kila ukishamtambulisha mtu anakuwa mdogo kwa miaka mitano.

Tuinyooshe kamba

Ukiiweka kwa mpangilio wa kalenda, hadithi ni nyepesi kuliko inavyoonekana.

Ole ni bondia anayepanda. Usiku mmoja anapigana na Tiger Lewis na mkono wake wa kulia unavunjika, ngumi zimekwisha. Rafiki yake wa tangu utotoni, Luteni Sam Lubinsky, anamshauri aingie polisi. Mshahara wa polisi unamchekesha. Ana mchumba, Lilly, binti mtulivu. Lilly anafuatana naye kwenye sherehe ya watu wa pesa zisizoeleweka, na pale pembeni ya piano ameketi Kitty Collins, gauni jeusi, akiimba. Ole anamtazama, na Lilly anakwisha papo hapo. Tunalisikia hilo kutoka kwa Lilly mwenyewe miaka mingi baadaye, akiwa ameshaolewa na Lubinsky, wakiwa wameketi kwenye baraza la juu la nyumba yao. Anasimulia bila uchungu, na hilo ndilo linalochoma.

Baadaye Lubinsky anamkamata Kitty na kito cha wizi. Ole anajitwika kosa na kufungwa miaka mitatu. Gerezani anaishi chumba kimoja na mzee Charleston, mwizi anayependa nyota, na anashinda akiipapasa leso ya kijani yenye vinubi. Ni ya Kitty. Anatoka, na mtu wa kwanza kumtafuta ni Jim Colfax, kiongozi wa genge, mwenye dili la mshahara wa kiwanda cha kofia cha Prentiss huko Hackensack. Wamo Dum-Dum na Blinky pia. Charleston anaitathmini dili, anaiona nzito, anajitoa. Ole anabaki, kwa kuwa Kitty ameketi palepale chumbani, na safari hii ni mwanamke wa Colfax.

Wizi wenyewe ni pahala pa kusimamisha filamu na kutazama tena. Kamera imepandishwa kwenye kreni. Wafanyakazi wanaingia getini asubuhi, majambazi wamejichanganya nao, kamera inawafuata mpaka mlangoni, inapanda kuchungulia ofisi ya mhasibu kupitia dirisha, inashuka nao wakitoka, inawapisha kwenye magari, risasi zinalia, mlinzi anaanguka. Yote kwa mkupuo mmoja wa kama dakika mbili bila kukata, huku sauti ikisoma taarifa ya gazeti kama mtu anayesoma bei za mahindi. Wamechukua dola 254,912.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo twende taratibu.

Usiku wa kuamkia wizi, wakicheza karata, Colfax na Ole wanagombana juu ya Kitty na Ole anamtandika ngumi. Uadui unaonekana wazi mbele ya wenzao. Mahali walipopanga kukutana baada ya wizi panaungua moto, Colfax anapanga pengine. Kitty anamwendea Ole kimyakimya usiku huohuo na kumwambia: wamebadilisha mahali, na wewe wamekuacha nje. Ole anaingia pale walipokutanika, bastola mkononi, anabeba mgawo wa wote na kuondoka. Dum-Dum na Blinky wanaona kwa macho yao: Mswidi ametuibia. Ole anakwenda Atlantic City kukutana na Kitty. Siku chache baadaye anaamka Kitty hayupo, na pesa hazipo. Anavunjavunja samani za chumba, anakimbilia dirishani ajirushe, na mfanya usafi wa hoteli anamdaka na kumtuliza. Ndiyo maana miaka sita baadaye jina la mwanamke huyo liko kwenye karatasi za bima. Hakuwa na mwingine wa kumwandika.

Na Kitty alikwenda wapi? Kwa Colfax. Wameoana. Mpango wote, tangu ugomvi mpaka mahali papya pa kukutania, ulikuwa wa Colfax na yeye: pesa zirudi kwao wawili, na hasira za genge zimwendee mtu asiye na senti moja. Kikulacho ki nguoni mwako; Dum-Dum na Blinky wamemsaka Ole miaka yote hiyo, kumbe aliyewaingiza mjini ndiye aliyekuwa kichwa cha meza.

Colfax akawa mkandarasi wa majengo huko Pittsburgh, mtu wa heshima. Siku moja safarini akasimama sheli ya Brentwood kujaza mafuta, na aliyekuja kufuta kioo cha gari lake ni Ole. Wakatazamana. Kwa Colfax hatari ilikuwa wazi: yeye akimpata kwa bahati, hata Dum-Dum anaweza kumpata, na wakikaa chini hao wawili wakahesabu nani alikuwa na nini, siri imekwisha. Akatuma wauaji. Ole naye alimtambua. Tangu siku ile aliacha kwenda kazini akisema anaumwa. Kwa hiyo alikuwa na siku kadhaa za kukimbia. Ilikuwa hiari yake kubaki.

Jibu la mwaka 1946, kama ninavyolisoma, ni kwamba Ole alikwisha kufa tangu Atlantic City. Kilichouawa Brentwood ni jina la Pete Lund. Ila tazama nani anatupa jibu hilo: mtu wa bima. Filamu inafungwa kwa Reardon kuripoti kwa bosi wake, naye anampa hongera kwa kumwambia kwamba kwa kazi yake ada ya kampuni mwaka 1947 huenda ikashuka kwa sehemu moja ya kumi ya senti. Watu kadhaa wamekufa, mapenzi yameteketeza maisha, na hesabu yake ndiyo hiyo. Sijui mzaha mchungu kuliko huo katika filamu za wakati ule.

Waliokuwa mbele ya kamera, na aliyekuwa nyuma yake

Lancaster alikuwa na miaka thelathini na kitu na hii ndiyo filamu yake ya kwanza kuonekana. Kabla ya hapo alikuwa mwanasarakasi. Mwili ule mkubwa unaojua kuruka umelazwa kitandani ukaambiwa usitikisike. Ni matumizi ya akili sana ya mwanasarakasi. Ava Gardner alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu kutoka mashamba ya tumbaku ya North Carolina, ameazimwa kutoka studio ya MGM iliyokuwa haijamwona zaidi ya sura yake. Filamu hii iliwafanya wote wawili majina makubwa kwa mkupuo. Kitty haonekani mara nyingi, na si mwovu wa kupiga kelele. Mwishoni Colfax anakufa kwenye ngazi za nyumba yake, na Kitty amemwinamia akimsihi aseme kwamba yeye hana hatia, aseme tu. Lubinsky anamwambia asimtake mtu anayekata roho aende motoni na uongo. Colfax anakufa bila kusema kitu.

Msomaji wa huku anaweza kuwa na kumbukumbu nyingine ya Gardner. Miaka michache baadaye aliletwa Afrika Mashariki na muongozaji John Ford kwa ajili ya filamu ya Mogambo ya mwaka 1953, pamoja na Clark Gable na Grace Kelly. Walipiga picha Kenya, Tanganyika na Uganda, na filamu hiyo ikampa uteuzi wake wa Oscar. Neno mogambo lilitangazwa kana kwamba ni la Kiswahili chenye mahaba ndani yake. Ulizeni bibi zenu. Hemingway naye alikuwa huku mwanzoni mwa 1954, akanusurika ajali mbili za ndege ndani ya siku mbili nchini Uganda, na mwaka huohuo akapewa Nobel.

Wauaji wawili wa mgahawani ni Charles McGraw na William Conrad. Lubinsky ni Sam Levene, Colfax ni Albert Dekker. Lilly ni Virginia Christine; lishike jina hilo, tutalirudia. Muziki ni wa Miklós Rózsa, na mpigo wake mzito wa noti nne ulikuja kufanana mno na ule wa kipindi cha polisi cha Dragnet hadi jambo likafika kwa wanasheria, na Rózsa akatambuliwa.

Muongozaji ni Robert Siodmak. Alizaliwa Dresden mwaka 1900, Myahudi, akaikimbia Ujerumani mwaka 1933 baada ya Wanazi kushika hatamu, akakaa Paris, akavuka kwenda Marekani mwaka 1939. Kwenye mizigo yake alibeba namna ya Kijerumani ya kutumia kivuli: taa moja kali, dari zilizoshuka, ngazi zinazokata ukuta kwa mistari. Mpiga picha wake, Woody Bredell, alimfuata katika hilo mpaka mwisho, na chumba cha Ole hakijawekewa taa ya kumfurahisha mtazamaji anayetaka kumwona stelingi.

Jina la aina hii ya filamu halikutoka Marekani. Vita vilipokwisha, sinema za Marekani zilizozuiwa wakati Wajerumani walipoikalia Ufaransa zikaingia huko kwa pamoja, na mhakiki Nino Frank akaandika mjini Paris, Agosti 1946, kwamba zina rangi fulani ya giza. Akaziita noir, yaani nyeusi. The Killers ilianza kuonyeshwa New York mwezi huohuo. Waliokuwa wanazitengeneza hawakujua wanatengeneza filamu nyeusi. Walidhani ni filamu za majambazi. Na zilikuwa na mipaka: kanuni za maadili za Hollywood zilitaka mhalifu asitoke salama, ndiyo sababu Colfax lazima afe na Kitty lazima akamatwe hata kama hadithi ingekubali vingine.

Iliteuliwa kuwania Oscar nne: uongozaji, muswada, uhariri na muziki. Zote nne zilichukuliwa na filamu moja, The Best Years of Our Lives. Mwaka 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza kwenye orodha ya filamu za taifa za kuhifadhiwa.

Moscow: hakuna anayeuliza

Mwaka 1956, wanafunzi wa chuo cha filamu cha VGIK mjini Moscow waliamua kuitengeneza hadithi hiyohiyo ya Hemingway kama zoezi la darasa. Mmoja wao alikuwa Andrei Tarkovsky, ambaye baadaye angekuwa miongoni mwa waongozaji wakubwa wa karne. Wenzake walikuwa Marika Beiku na Aleksandr Gordon. Inachukua chini ya dakika ishirini. Wakajenga baa ya Kimarekani ndani ya chuo cha Kisovieti kwa kubahatisha, na Tarkovsky mwenyewe anaingia kama mteja anayepiga mluzi wimbo wa jazi, Lullaby of Birdland. Ole anachezwa na Vasily Shukshin, naye akaja kuwa mwandishi na muongozaji maarufu.

Hawakuongeza chochote. Hakuna Kitty, hakuna pesa, hakuna bima. Ole anageukia ukuta na basi. Nimeitazama mara mbili na kila mara naona kwamba wao ndio walioielewa hadithi kama ilivyoandikwa, na pia kwamba kama ingekuwa ya saa nzima nisingeweza kukaa.

Mchana kweupe, na wauaji ndio wapelelezi

Marudio makubwa ni ya mwaka 1964, ya muongozaji Don Siegel. Yalikusudiwa televisheni, yangekuwa miongoni mwa filamu za kwanza kabisa kutengenezwa makusudi kwa ajili ya runinga, lakini kituo cha televisheni cha NBC kikaona damu imezidi, na Universal ikayapeleka kwenye kumbi za sinema. Ukitaka kulinganisha na ya 1946 kwa majina na matukio utachanganyikiwa bure. Kilichobaki ni mifupa: mtu aliyekubali kufa, mwanamke aliyemzunguka, pesa zilizopotea. Mswidi ameondoka, sasa ni Johnny North, dereva wa magari ya mashindano, anayechezwa na John Cassavetes. Mwanamke ni Sheila Farr, yaani Angie Dickinson. Bosi ni Jack Browning, naye ni Ronald Reagan. Ilikuwa filamu ya mwisho ya Reagan na ndiyo aliyocheza adui wa kweli. Kuna mahali anamzaba Dickinson kofi kavu. Miaka miwili baadaye alichaguliwa kuwa gavana wa California, na mwaka 1981 akaingia Ikulu ya Marekani. Huwezi tena kulitazama lile kofi kwa macho ya 1964.

Giza la Siodmak limefutwa. Hii ni ya rangi, jua kali, nyasi zimekatwa vizuri. Badala ya mgahawa, wauaji wawili waliovaa miwani ya jua wanaingia shule ya vipofu anakofundisha Johnny. Mapokezi ameketi katibu kipofu, wanamnyanyasa ili aseme alipo mwalimu. Katibu huyo ni Virginia Christine. Miaka kumi na minane nyuma alikuwa Lilly, mwanamke pekee aliyempenda Mswidi kwa uaminifu. Sasa ndiye wa kwanza kuguswa na watu waliokuja kumuua. Sijui kama Siegel alilipanga hilo au ilikuwa nafasi ya kazi tu kwa mwigizaji wa studio, lakini ukishalijua hutalisahau.

Johnny anapigiwa simu kuonywa. Habanduki. Wanamfyatulia risasi palepale shuleni.

Sasa ndipo Siegel alipofanya geuzi lake kubwa: hakuna Reardon. Wanaouliza kwa nini hakukimbia ni wauaji wenyewe. Charlie, mzee wa kazi, anayechezwa na Lee Marvin, na kijana wake Lee, anayechezwa na Clu Gulager, wamekaa kwenye treni wakipiga hesabu. Wamelipwa dola 25,000 kumuua mwalimu wa shule; ni nyingi mno. Na mtu yule alisimama tu. Lee anawaza pesa: inasemekana Johnny alikuwa kwenye wizi wa dola milioni moja wa gari la posta. Charlie anawaza kile kisimamo. Ameua watu wengi, wote walihangaika, na huyu mmoja amemharibia usingizi. Wanazunguka Miami, New Orleans, hadi Los Angeles, wakiwabana watu, na kila anayebanwa anatoa kipande chake cha nyuma kama kule 1946, tofauti ni kwamba Reardon aliuliza kwa kalamu na hawa wanauliza kwa kumning'iniza mwanamke nje ya dirisha.

Udanganyifu nao umenyooshwa. Johnny alimpokonya Browning pesa kwa ushauri wa Sheila, kama Ole alivyofanya, lakini Sheila hakumtoroka usingizini. Alimpeleka moja kwa moja mpaka moteli ambako Browning alikuwa anasubiri na bastola. Johnny alipigwa, akanusurika. Aliona kwa macho. Kwa hiyo Charlie anafika kwenye jibu ambalo Reardon hakulisema kwa mdomo: mtu asiyeogopa kufa ni yule aliyekwisha kufa. Marvin anaitamka kwa uchovu wa fundi aliyeona hitilafu ya mashine. Nafasi hiyo ilimpatia, pamoja na ile ya filamu ya Cat Ballou, tuzo ya BAFTA ya Uingereza.

Mwishoni Browning amemuua Lee kwa bunduki ya darubini kutoka dirishani, na Charlie ana risasi mwilini. Anajikokota hadi nyumbani kwa Browning, anamkuta na Sheila wakifunga mizigo ya pesa. Anampiga Browning risasi. Sheila anaanza kujieleza haraka haraka, kwamba haikuwa hivyo, kwamba alilazimishwa. Charlie amevuka nusu ya Marekani kutafuta maelezo hayohayo. Anamwambia hana muda, na anafyatua.

Kisha anatoka nje na sanduku, anapepesuka kwenye nyasi. Polisi wanakuja. Anainua mkono kuwaelekezea bastola, na mkononi hamna bastola, ni kidole tu. Anaanguka, sanduku linafunguka, na noti zinatawanyika juani.